Nakshi za misikitini: Ni elimu ya kurithishwa, si pambo tupu wala fumbo la siri

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba wake na kila anayefuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu Waislamu, leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo macho yetu hulitazama kila Ijumaa na fikra zetu zikalipita: nakshi za mistari, nyota na miraba zinazopamba mihrabu, mimbari, milango na makuba ya misikiti. Watu wamegawanyika makundi matatu juu yake. Wako wanaoziona kuwa ni pambo tu, kama rangi ya ukutani, ikichakaa hubadilishwa. Wako wanaodhani kuwa kila nyota ina siri yake, na kila idadi ya pembe ina tafsiri iliyofichwa. Na wako wanaoziona kuwa ni israfu na uzushi unaopaswa kuondolewa.

Kila kundi lina hoja yake, nasi tutazigusa hoja hizo kwa uadilifu. Lakini tunaona kuwa makundi yote matatu yamesahau jambo moja, nalo ni kuwa nakshi hizi ni elimu. Elimu hutafutwa, hufundishwa na hurithishwa, na ikiachwa bila ya mrithi hufa. Ushahidi wa kauli yetu upo katika Msikiti wa Al-Aqsa, kibla chetu cha kwanza.

Mnamo mwaka 564 Hijria, sawa na 1168 hadi 1169 Miladia, Sultani Nur al-Din Mahmud bin Zengi aliagiza itengenezwe mimbari katika mji wa Halab, nchini Sham. Mimbari hiyo aliikusudia kwa ajili ya Al-Aqsa, ingawa wakati huo Baitul Maqdis ilikuwa mikononi mwa wapiganaji wa Msalaba tangu mwaka 1099, na hapakuwa na dalili ya karibu ya kurejea. Nur al-Din alifariki mwaka 1174 bila ya kuiona ikipandwa na khatibu mahali alipoikusudia. Salahuddin al-Ayyubi alipoingia Baitul Maqdis mwaka 1187, aliagiza mimbari ile iletwe kutoka Halab, ikawekwa Al-Aqsa kama mwenyewe alivyonuia.

Mimbari hiyo haikuwa kazi ya kawaida ya useremala. Ilikuwa na vipande zaidi ya 16,000 vya mbao na pembe za ndovu, vilivyochongwa kimoja kimoja na kuchomekana bila ya misumari wala gundi. Ubavuni mwake nyota zilizaa nyota, mistari ikakutana na kuachana, na hakuna kipande kilichokaa pasipo mahali pake. Mafundi waliacha majina yao juu ya kazi hiyo, akiwemo Humayd bin Zafir al-Halabi. Ilidumu Al-Aqsa kwa miaka 782.

Tarehe 21 Agosti 1969, mtu mmoja kutoka Australia, Denis Michael Rohan, aliutia moto msikiti huo, na mimbari ikaungua. Umma mzima ulitikisika. Mwezi uliofuata viongozi wa nchi za Kiislamu walikutana mjini Rabat, na kutokana na mkutano huo ikazaliwa jumuiya inayojulikana leo kama Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu. Hayo wengi wanayajua. Kilichofuata kuhusu mimbari yenyewe ni wachache wanaokijua, na ndicho chenye mazingatio kwetu.

Ilipoazimiwa kutengenezwa upya mimbari hiyo, chini ya usimamizi wa Jordan, ilidhihirika kuwa umma wenye mamia ya mamilioni ya watu, mafuta, vyuo vikuu na viwanda, haukuwa na mtu aliye tayari kuifanya kazi ambayo mafundi wa Halab waliifanya kwa misumeno ya mkono. Picha za mimbari zilikuwapo. Mabaki yaliyoungua yalikuwapo. Michoro ya mafundi wa kwanza haikuwapo, na mnyororo wa mwalimu na mwanafunzi ulikuwa umekatika. Picha ilionyesha kilichokuwapo, lakini haikueleza kilifanywaje. Ukiinakili nakshi ya namna hiyo kwa jicho, kosa dogo kama unene wa ukucha huongezeka kila unapounga kipande kingine, na ukifika mwisho nyota ya mwisho haikutani na ya kwanza.

Ilibidi wataalamu warudi kwenye kanuni: wajue duara la kwanza lilichorwa wapi, likagawanywa mara ngapi, na mistari ikapita katika nukta zipi. Walipoipata njia hiyo ndipo mafundi kutoka nchi mbalimbali walipokusanyika Jordan, wakajifunza na kuchonga. Mimbari mpya iliwekwa Al-Aqsa mwaka 2007. Kutoka moto hadi siku hiyo ilipita miaka 38.

Ndugu msomaji, tafakari kidogo. Moto uliteketeza mbao kwa muda mfupi, lakini elimu ya kuzichonga mbao zile haikuteketezwa na Rohan. Ilikuwa imekwisha kututoka zamani, kimya kimya, na hatukushtuka mpaka siku tulipoihitaji.

Sasa tuulize: elimu hiyo ni ipi hasa? Msingi wake ni vyombo viwili, bikari na rula, na kila mzazi anaweza kuujaribu nyumbani na watoto wake. Chora duara kwa bikari. Bila ya kubadilisha upana wa bikari, weka ncha yake popote juu ya mzingo wa duara, tia alama, kisha sogea kwenye alama hiyo na utie nyingine. Utasogea mara sita na utarejea pale pale ulipoanzia, bila ya kupungua wala kuzidi. Unganisha alama hizo kwa kuruka moja moja, utapata pembetatu mbili zilizopitana, nayo ni nyota ya pembe sita. Ukitaka ya pembe nane, chora miraba miwili iliyo sawa yenye kitovu kimoja, mmoja ukiwa umegeuzwa nusu ya pembe mraba. Kutoka hapo mafundi walirefusha mistari ikavuka mipaka ya nyota, ikakutana na ya jirani, na ukuta mzima ukajaa kwa kanuni moja.

Waislamu hawakuianza elimu hii kutoka patupu. Walirithi kwa Warumi, kwa Wagiriki wa Konstantinopoli na kwa Waajemi, wala si aibu kulisema hilo. Kuba la Mwamba mjini Baitul Maqdis, lililokamilika mwaka 72 Hijria chini ya Khalifa Abdul Malik bin Marwan, limejengwa juu ya msingi wa pembe nane, umbo ambalo wajenzi wa eneo hilo walilijua kabla ya Uislamu. Ndani yake ipo michoro ya miti, matunda na vito, lakini hakuna sura ya mtu wala ya mnyama. Katika Msikiti Mkuu wa Damascus, uliojengwa na Al-Walid mwanzoni mwa karne ya nane, mnaonekana madirisha ya marumaru yenye mistari iliyosukana. Mbegu iliokotwa kwa wengine, ila mti uliota kwetu na ukazaa matunda ambayo hayakuwahi kuonekana kabla yake.

Na ulizaa kwa sababu wanazuoni na mafundi walikaa meza moja. Abu al-Wafa al-Buzjani, mwanahisabati aliyeishi Baghdad na kufariki mwaka 998, aliandika kitabu maalumu juu ya yale ambayo fundi anayahitaji katika elimu ya maumbo. Humo anaeleza kuwa alihudhuria vikao ambavyo mafundi na wanahisabati walijadiliana swali hili: namna gani miraba mitatu iliyo sawa itakatwa na kuungwa iwe mraba mmoja? Mafundi walileta njia zilizopendeza machoni, lakini zilipopimwa hazikuwa sahihi. Wanahisabati walikuwa na uthibitisho, lakini hawakuona shida ya mtu mwenye msumeno mkononi. Yeye akatoa njia iliyowatosheleza wote wawili: miraba miwili ikatwe kwa mshazari zipatikane pembetatu nne, pembetatu hizo zipangwe kuuzunguka mraba wa tatu, kisha ncha zinazozidi nje zikatwe na kujaza mapengo yaliyobaki ndani. Hapendelei mjuzi asiye na mkono, wala fundi asiye na hoja.

Matunda ya vikao vya namna ile tunayaona hadi leo. Katika maktaba ya kasri la Topkapi, mjini Istanbul, limehifadhiwa gombo refu lenye michoro 114 ya nakshi na matao, kazi ya mafundi wa zama za nyuma. Ghiyath al-Din al-Kashi wa Samarkand, katika kitabu chake cha hesabu alichokikamilisha mwaka 1427, alifundisha namna ya kupima eneo la mapambo yale ya vidaka vinavyoning'inia chini ya makuba, yaitwayo mukarnas, ili kazi na vifaa vijulikane kabla ya kuanza ujenzi. Na mwaka ule ule wa 2007 ambao mimbari ilirejea Al-Aqsa, watafiti wawili wa Marekani, Peter Lu na Paul Steinhardt, walitangaza kuwa katika jengo la Darb-i Imam mjini Isfahan, la mwaka 1453, imo nakshi inayokaribia mpangilio ambao wanahisabati wa Magharibi waliutambua katika miaka ya 1970: mpangilio unaofuata kanuni kamili lakini haujirudii. Wataalamu wengine wamejadili ukubwa wa dai hilo. Hata hivyo, hakuna aliyesema kuwa fundi wa Isfahan alibahatisha.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kundi la wanaotafuta siri. Husemwa kuwa nyota ya pembe nane inaashiria malaika wanane watakaobeba Arshi, waliotajwa katika Surat al-Haqqa, aya ya 17. Husemwa kuwa mistari isiyo na mwisho inaashiria kuwa Mwenyezi Mungu hana mwisho, na nukta ya katikati inaashiria upweke wake. Mawazo hayo ni mazuri, na mja akitazama nakshi akamkumbuka Mola wake, hakuna wa kumlaumu. Lakini kufanya tafakuri ni jambo moja, na kulipa umbo maana ya kidini isiyo na dalili ni jambo jingine. Hatujui aya wala hadithi iliyosema kuwa nyota fulani ina maana fulani. Na kitabu cha Abu al-Wafa ni cha fundi: kinafundisha kugawa na kuunga, hakifundishi siri za nyota. Palipotakiwa ujumbe, mafundi waliuandika kwa herufi. Katika kasri la Alhambra mjini Granada, katikati ya vigae na chokaa iliyochongwa, imeandikwa mara nyingi mno kuwa hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Maneno yalibeba itikadi, na mistari ikayapa maneno makao yenye heshima.

Kulipa umbo maana kwa kukisia kuna madhara. Wapo wanaoiona nyota ya pembe sita juu ya mlango au mimbari ya zamani wakataka ifutwe, wakidhani kuwa imeingizwa na maadui. Laiti wangesoma historia. Nyota hiyo ilitumiwa na Waislamu kwa karne nyingi katika majengo, vyombo na sarafu, na wengi waliiita pete ya Nabii Suleiman (A.S.). Harakati za Kizayuni ziliichukua kuwa nembo mwaka 1897, na bendera ya Israel ikatangazwa mwaka 1948. Je, tuvunje kazi ya babu zetu ya miaka mia kadhaa kwa sababu ya bendera iliyokuja baada yao? Mistari haina dhambi, na mtoto mwenye bikari huipata nyota hiyo kabla hajajua siasa yoyote.

Ama kundi la tatu, linalosema kuwa nakshi hazifai misikitini, nalo tulisikilize kwa makini kwa sababu lina dalili mkononi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alisali akiwa na nguo yenye nakshi aliyotunukiwa na Abu Jahm, na alipomaliza akaagiza irudishwe na aletewe nyingine isiyo na nakshi, kwa kuwa ile ilimshughulisha. Na Sayyidna Umar (R.A.), alipoagiza ujenzi wa msikiti wa Mtume, alitaka watu wakingwe na mvua, akatahadharisha juu ya rangi nyekundu na njano zisije zikawatia watu katika fitina. Hizi ni dalili nzito, na haifai kuzipita kwa kuwa tunapenda uzuri.

Pamoja na hayo, amepokea Bukhari vile vile kuwa Sayyidna Uthman (R.A.) alipoupanua msikiti huo huo alijenga kuta zake kwa mawe yaliyotiwa nakshi na chokaa, na akaezeka kwa mbao za msaji. Wanazuoni wamezitazama dalili hizi kwa pamoja. Wengi wamechukia kile kinachomshughulisha mwenye kusali. Wako pia, wakiwemo wa madhehebu ya Hanafi, walioruhusu nakshi kwa mali ya mtu binafsi, na wakasema kuwa msimamizi wa wakfu akitumia mali ya wakfu kwa kazi hiyo atailipa mwenyewe.

Rai yetu ni hii. Mbele ya uso wa mwenye kusali pawe patulivu. Nakshi ina nafasi yake mlangoni, darini, ubavuni mwa mimbari na katika madirisha yanayopitisha hewa na mwanga. Na fedha za mwalimu wa madrasa asiyelipwa miezi mitatu zisigeuzwe taa za vioo vya rangi. Lakini anayetumia hoja ya Sayyidna Umar kuvunja mimbari ya mbao iliyochongwa, kisha akaweka badala yake vigae vinavyong'aa kutoka kiwandani vyenye maua ya dhahabu, huyo hakuifuata hoja hiyo. Ameondoa elimu na kuleta fitina ile ile aliyotahadharishwa nayo, tena kwa gharama kubwa zaidi.

Na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatumo nje ya mazungumzo haya. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Katika magofu ya Husuni Kubwa, Kilwa, ya karne ya 14, lipo birika la kuogea lenye pembe nane. Nyumba kongwe za Lamu na Pate zina zidaka za chokaa zilizopangwa kwa vipimo, na milango ya Mji Mkongwe inajulikana dunia nzima. Mikono iliyofanya kazi hizo ilikuwa ya Waswahili na ya wageni waliohamia wakawa wenyeji, na ilijua kugawa duara kama ilivyojua mikono ya Halab.

Leo katika miji yetu utaona mlango wa mbao ukitolewa na mlango wa chuma ukiwekwa, na mbao zikauzwa kwa mtalii. Utaona ukuta wa mawe ya matumbawe ulioungwa kwa chokaa ukipakwa saruji, ambayo huzuia unyevu kutoka, na baada ya miaka kadhaa ukuta ukamomonyoka kwa ndani. Wanaofanya hivyo wengi wana nia njema, wanataka nyumba ya Mwenyezi Mungu ipendeze. Nia njema inahitaji elimu ili isiharibu.

Basi tunawausia ndugu zetu mambo matatu. Kwanza, wazazi na walimu wa madrasa. Mtoto anayehifadhi juzuu anaweza pia kushika bikari saa moja kwa wiki. Hesabu ambayo shuleni anaiogopa ataipenda akiiona inazaa nyota, na atajua kuwa dini yake haikuwa adui wa hisabati.

Pili, kamati za misikiti. Kabla ya kuvunja chochote cha zamani, kipimwe, kichorwe na kipigwe picha, na aulizwe anayekijua. Mkiamua kujenga upya, mpeni kazi fundi wa kuchonga aliye mjini kwenu, na wekeni sharti kuwa awe na vijana wawili anaowafundisha katika kazi hiyo. Gharama ya vijana hao ni ndogo kuliko miaka 38 ya kutafuta kilichopotea.

Tatu, wenye uwezo. Mmezoea kutoa wakfu wa mazulia, viyoyozi na visima, na Mwenyezi Mungu awalipe. Jueni kuwa kumsomesha kijana fundi wa nakshi, kumnunulia patasi na kumlipia chakula mpaka awe bingwa, nayo ni sadaka yenye kuendelea, kwa kuwa elimu yenye manufaa ni miongoni mwa yale ambayo malipo yake hayakatiki kwa kifo.

Nur al-Din aliagiza mimbari kwa ajili ya msikiti ambao hakuwa nao, na akafariki kabla ya kuufikia. Mafundi wa Halab walichonga kwa umakini ule ule bila ya kujua kama kazi yao itafika. Waliifanya sehemu yao vizuri, wakamwachia Mwenyezi Mungu yaliyobaki. Nasi tuifanye yetu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, aihifadhi Al-Aqsa na misikiti yetu yote, na awarehemu mafundi waliotangulia, wale tunaowajua majina na wale anaowajua Yeye peke yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.